TUJIFUNZE PAMOJA: Kupiga Windo Si Uchawi Tena

  

Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia kutoka kwa familia zaidi ya moja. Mama mmoja ametuuliza hivi: "Laptopu tuliyopewa na jamaa yetu inaandika kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi ameniambia hiyo ni ya kutupa, nitafute nyingine. Ni kweli?" Jibu fupi ni hapana, mama, usiitupe. Jibu refu ndilo hili, na tunaomba mlisome mpaka mwisho, kwa sababu huko mwisho kuna onyo ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa uchungu.

Kwanza tuelewane maneno. Mfumo endeshi ni ile programu inayoamka kwanza ukiwasha mashine. Ndiyo inayoamrisha kibodi, skrini, spika na diski, na programu nyingine zote zinakaa juu yake. Windows ni mfumo endeshi, Ubuntu ni mfumo endeshi, na Android iliyo kwenye simu yako pia ni mfumo endeshi. Kuuweka mfumo ndani ya mashine, ndugu zetu wa Tanzania wanaita kupiga windo. Huku kwetu vijana wanasema kuinstoli. Ni kazi ile ile.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tunaikumbuka Mulanda. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka mpaka kwa njia ya Busia na Malaba, na mwaka 2008 wengi wakapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Watu walivuka na kile mkono ulichoweza kushika: mtoto, blanketi, sufuria. Kati yetu kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta ambaye alivuka na mkoba wa sidii ameuficha ndani ya sweta. Tulimcheka sana. Nyumba imeungua, duka limeungua, na wewe unaokoa sidii!

Kumbe zile sidii ndizo zilimlisha. Alikuwa anatoka Mulanda asubuhi, anapanda boda boda mpaka Tororo mjini au Busia, anazunguka kwenye vibanda vya kuchapa barua na vya intaneti akiuliza nani ana mashine mgonjwa. Jioni anarudi na sukari na sabuni.

Siku moja tuliandamana naye tukaone hiyo kazi. Mashine ilikuwa ya Windows XP, ile iliyotoka mwaka 2001. Fundi aliingiza sidii, skrini ikawa ya bluu yenye maandishi meupe, na kipanya hakifanyi kazi. Kila kitu ni kwa kibodi: bonyeza F8 kukubali masharti, bonyeza herufi hii kufuta sehemu ya diski, bonyeza ile kuthibitisha. Halafu subiri. Mashine ikaandika kwamba zimebaki dakika 39. Jamani, dakika 39 za kompyuta si dakika za saa ya ukutani! Na huwezi kwenda kunywa chai, kwa sababu katikati inasimama na kukuuliza: uko nchi gani, sasa ni saa ngapi, na zile herufi na namba 25 za leseni ziko wapi. Ukikosea moja, hakuna kuendelea.

Tulipofika hapo umeme ukapotea. Uliporudi tukaanza upya. Kazi ilipokubali, mashine haikuwa na sauti, picha kwenye skrini zilikuwa kubwa kubwa kama za mtoto, na intaneti haikushika. Sababu ni draiva. Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo jinsi ya kuongea na kila kifaa kilicho ndani ya mashine, na XP ilikuja na chache tu. Sasa tazameni taabu yake: draiva ya intaneti iko kwenye intaneti, na intaneti haiwezi kushika bila draiva. Fundi alitoa sidii nyingine, na nyingine tena. Tulirudi Mulanda giza limeshaingia.

Njiani tukamwambia, "Kazi yako ni ngumu." Akacheka. Alituambia sisi hatujaona kitu. Yeye alijifunzia Windows 95, iliyotoka Agosti 1995. Wenye bahati waliipata kwa sidii, wengine waliipata kwa flopi 13. Mashine nyingi za wakati ule hazikuweza hata kuwaka kutoka kwenye sidii, kwa hiyo ulihitaji flopi nyingine ya kuwashia. Unaandika amri ya FDISK kugawa diski, unawasha upya, unaandika FORMAT C: kuisafisha, ndipo uanze kulisha flopi, moja baada ya nyingine. Flopi ya kumi na mbili ikiwa imeingia vumbi, ni kurudi mwanzo. Na sehemu zetu hizi vumbi mnalijua.

KILICHORAHISISHA

Tukiangalia nyuma, mambo manne ndiyo yaliyobadilisha kazi hii.

La kwanza ni kuwasha. Mashine zilijifunza kuwaka kutoka kwenye sidii, kisha kutoka kwenye flashi. Leo flashi moja ya GB 8, ndogo kuliko kidole, inabeba mfumo mzima ambao flopi elfu moja zisingeutosha.

La pili ni jinsi mfumo unavyopakuliwa. Zamani kompyuta ilikuwa inajengwa faili moja moja, kama mtu anayejenga nyumba ya udongo tofali kwa tofali. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mfumo unakuja ukiwa tayari umeshaungwa na kukunjwa, na kazi ya mashine ni kuukunjua tu. Sisi tuliolala chini ya turubai tunaijua tofauti ya kukunjua na kujenga.

La tatu ni draiva. Mifumo ya sasa inakuja na draiva nyingi ndani yake, na zile zinazokosekana mara nyingi inazitafuta yenyewe ikishapata intaneti. Bado utakutana na mashine ambayo Wi-Fi yake ni kichwa ngumu, hatutawadanganya. Lakini zamani hiyo ilikuwa kawaida, siku hizi ni bahati mbaya.

La nne ni zile namba 25. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zinazouzwa zikiwa na Windows yake hubeba namba ya leseni ndani ya ubao wake. Ukiweka tena Windows ile ile, inajitambua. Na kwa mifumo ya Linux hakuna namba yoyote, kwa sababu ni ya bure na ni halali kumpa jirani.

Hapo kwa Linux tusimame kidogo. Ilianzishwa na Linus Torvalds, kijana wa Finland, mwaka 1991, na kwa miaka mingi ilikuwa ya wataalamu tu. Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa Linux waliyoiita Ubuntu. Neno hilo ni la kusini kwa Afrika, lakini Mswahili halimpi shida: ni utu. Na utu huo waliuonyesha kwa kitendo. Ukiandika kuomba, walikutumia sidii kwa posta, bure, popote ulipo. Waliendelea hivyo mpaka mwaka 2011.

Watoto wa leo watauliza, kwa nini posta, si ungepakua tu? Wanangu, waya mkubwa wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu nyingi ilipita kwenye setilaiti, ghali na ya polepole. Sidii moja ya MB 700 ungeweza kukaa kwenye kibanda siku nzima na usiimalize, huku unalipa kwa dakika. Bahasha ya posta ilikuwa haraka kuliko intaneti.

Na kuna jambo ambalo Ubuntu ya mwaka 2006 ilileta na ambalo tunalipenda mpaka leo. Sidii moja iliweza kuwasha mfumo bila kugusa diski yako. Unaujaribu kwanza: sauti ipo? Wi-Fi inashika? Ukiridhika ndipo unabonyeza kuuweka. Usiporidhika unatoa sidii, mashine inabaki kama ilivyokuwa. Siku hizi ni vile vile, isipokuwa ni kwa flashi.

Hata ninyi mnaosema hamjui kompyuta, mmeshafanya kazi hii. Simu inapoandika kwamba kuna mfumo mpya, nawe ukabonyeza kukubali, ikazima na kuwaka tena, umeweka mfumo endeshi. Hukuandika FDISK.

SASA ILE LAPTOPU

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake si kwamba mashine inakufa. Inawaka, inaandika, inachapa. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya bure kwa kila mtu, kwa hiyo mlango ukivunjwa na wezi wa intaneti, hakuna anayekuja kuutengeneza. Kwa waliojiandikisha, kampuni hiyo iliongeza mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, lakini ina masharti. Inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, inataka prosesa ya miaka ya karibuni, na memori isiyopungua GB 4. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazipiti. Na laptopu zinazofika kambini ni zipi? Ni hizo hizo, zilizokwisha kutumika ofisi fulani Ulaya miaka saba au minane.

Kwa mashine kama hizo tunashauri Linux. Linux Mint, kwa mfano, inafanana na Windows kwa sura, inataka memori ya GB 2 kwa uchache ingawa GB 4 ni nzuri zaidi, na inakuja na LibreOffice inayofungua barua za Word na mahesabu ya Excel. Mtoto wa sekondari anaandika insha yake, mama anaandika hesabu za kikundi, bila kulipa leseni.

Lakini jihadharini na mtu atakayewaambia, "Mimi ninayo Windows ya bei rahisi, nimeshaivunja kufuli." Hamjui nini kingine kimo humo ndani. Hizo programu za kuvunja leseni ndizo virusi hupenda kujificha.

ONYO LETU

Sasa tunafika pale pagumu.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja alituletea laptopu iliyokuwa nzito kama inayovuta jiwe. Tulikuwa tumeshajifunza, tunajiona mafundi. Tukachomeka flashi, tukabonyeza Next, Next, Next. Mashine ikauliza kama ifute diski yote. Tukakubali. Nusu saa haikuisha, laptopu ikawa mpya, inaruka kama mbuzi. Tulifurahi kuliko mwenyewe.

Aliifungua, akatafuta, akatafuta tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na zile picha ziko wapi?"

Zilikuwa picha za vyeti vya watoto wake vya shule, ambavyo asili yake ilibaki nyumbani na haikupatikana tena. Na ilikuwepo picha ya marehemu mume wake, moja tu, aliyotumiwa na shemeji yake kwa simu iliyokwisha kupotea. Hatukuwa tumeuliza. Tulimpelekea fundi wa mjini mwenye programu ya kuokoa faili, na alirudisha picha kumi na moja. Ya mzee haikuwemo.

Yule mama hakutugombeza. Alisema tu, "Basi, wanangu." Mpaka leo tukimwona njiani tunamsalimia na macho yetu yanatazama chini.

Tangu siku hiyo tunasema hivi kwa kila mtu. Zamani ugumu wenyewe ulikuwa mlinzi. Mtu anayelisha flopi kumi na tatu ana muda wa kukumbuka kwamba kuna picha ndani, na asiyejua kazi hawezi hata kuianza. Siku hizi hakuna anayekuzuia. Kuweka mfumo kumekuwa rahisi, na kufuta maisha ya familia kumekuwa rahisi kwa kipimo kile kile. Ule uangalifu wa zamani wa mafundi haujaisha kazi yake. Umehamia mwanzo, kabla hujagusa kitu.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, kaeni chini kama familia na mwulizane: ndani ya mashine hii mna nini cha nani? Baba, mama, watoto, kila mtu aseme chake. Vyeti vya KCPE, matokeo ya mitihani, karatasi za ukimbizi, barua za ofisi, picha za waliotutangulia.

Pili, nakilini vitu hivyo mahali pawili. Flashi moja ibaki kwenu, nakala nyingine iwe kwenye memori kadi, kwenye barua pepe, au kwa ndugu mnayemwamini. Kisha fungueni hizo nakala kwenye mashine nyingine kuhakikisha zinafunguka. Wengi huiruka hatua hii ya kuhakikisha.

Tatu, msitumie flashi yenye picha kutengenezea mfumo. Flashi ya mfumo hufutwa yote wakati wa kutengenezwa. Ziwe flashi mbili tofauti, na mziandike alama.

Nne, pakueni mfumo penye Wi-Fi, si kwa bando la simu. Linux Mint ni karibu GB 3, Ubuntu inazidi hapo. Kijana mmoja akishapakua, wengine wanakili kwake, ni halali. Chukueni kutoka kwa wenyewe walioutengeneza, si kwa mtu wa kati. Programu ya bure inayoitwa Rufus huuhamishia mfumo kwenye flashi kwa muda mfupi.

Tano, chajini betri mpaka ijae, na mchague siku yenye jua ikiwa mnategemea sola. Mashine ikizimika katikati ya kazi, ni ile Tororo yetu tena.

Sita, washeni mashine mkibonyeza kitufe cha kuchagua chanzo. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP mara nyingi ni F9 au Esc. Mfumo ukiwaka kutoka kwenye flashi, ujaribuni kwanza. Pigeni muziki, shikeni Wi-Fi, andikeni barua fupi.

Saba, mkiridhika, bonyezeni kuuweka. Yatakuja maswali machache: lugha, kibodi, saa, jina na neno la siri. Litakuja na lile swali la diski. Hapo toeni mikono kwenye kibodi. Someni kwa sauti, mtu wa pili asikilize. Mkisema ndiyo, iwe ndiyo ya watu wawili.

Na kama ajali imeshatokea, zimeni mashine papo hapo, msiendelee kuitumia. Kwenye diski za zamani, kilichofutwa mara nyingi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila dakika mnayoendelea kuitumia inapunguza bahati ya kuokoa.

Yule fundi wetu wa Mulanda bado anafanya kazi hii. Tulimwuliza kama wepesi huu umemnyima riziki. Alisema, "Zamani walinilipa kwa sababu hawakujua. Siku hizi wananilipa nikae nao wanapojibu lile swali la diski." Ule mkoba wa sidii bado anao. Hakuna mashine ya kuzisoma nyumbani kwake, lakini hataki kuutupa, na siku hizi hatumcheki.

Tukijaliwa, mwezi ujao tutaongea juu ya kupiga picha vyeti kwa simu ili visomeke vizuri. Mwenye swali alilete kwa mkono au kwa kijana yeyote wa jarida. Na yule mama aliyetuuliza, tunakusubiri na laptopu yako. Kabla hujaja, kaa na watoto uandike orodha ya vilivyomo.

Wasalaam, na tubaki salama.